Shujaa Anayetabasamu: Kwa Nini Supergirl Aligawanya Watazamaji

Mei 2015 kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani kilitoa trela ya takriban dakika sita kutangaza tamthilia yake mpya, Supergirl. Humo tunamwona binti wa miaka 24, Kara Danvers, mwenye miwani na sweta, akikimbizana na asubuhi huku ameshika kahawa ya bosi wake. Anababaika mbele ya kijana anayemvutia. Anatoka na mwanamume mwingine, na miadi inaharibika. Halafu ndege aliyopanda dada yake inapata hitilafu angani, naye, ambaye kwa miaka mingi ameficha nguvu zake, anakimbilia kichochoroni, anajaribu kuruka, anajaribu tena, na safari hii anapaa. Anaishika ndege ile na kuiteremsha salama. Akishafika nyumbani ana furaha ambayo uso wake hauwezi kuificha.

Furaha hiyo iliwagawanya watazamaji miezi kadhaa kabla ya tamthilia yenyewe kuanza kurushwa. Wapo walioipokea kwa mikono miwili, wakiona kwamba sasa kuna shujaa anayefurahia kuwa shujaa. Wapo walioona ni utoto mtupu. Na wapo waliokasirika kwa niaba ya wanawake: mtu anapewa nguvu za kubeba ndege, kisha anaonyeshwa akihangaika na nguo na wachumba? Makundi haya matatu yalionekana kujibizana, lakini ukiyasikiliza kwa makini kila moja lilikuwa na swali lake. Ndiyo sababu ugomvi ule haukupata mshindi, na miaka saba baadaye ulizuka tena juu ya shujaa mwingine. Mimi naujali ugomvi huu kuliko tamthilia yenyewe, kwa kuwa chini yake kuna swali la nani anaruhusiwa kuwa na nguvu na bashasha kwa wakati mmoja.

Kicheko kilichotangulia

Tuanze na bahati mbaya ya tarehe. Chini ya wiki mbili kabla ya trela ile, kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live kilirusha igizo la dhihaka, mgeni wao akiwa Scarlett Johansson, mwigizaji wa Black Widow. Igizo lilijifanya ni trela ya filamu ya Black Widow: jasusi yule muuaji anahamia New York, anapata kazi kwenye jarida la mitindo, anatafuta mchumba. Shabaha ya mzaha huo ilikuwa kampuni ya Marvel, ambayo hadi wakati huo ilikuwa imetoa filamu za mashujaa wanaume moja baada ya nyingine bila kumpa mwanamke huyo hata moja ya kwake. Walikuwa wakisema: hawa hawajui kumtengenezea mwanamke filamu, na wakijaribu watatuletea hadithi ya mapenzi na viatu.

Kisha ikaja Supergirl, ikiwa na bosi mkali, ofisi ya vyombo vya habari, kahawa na miadi. Watu waliokuwa bado na kicheko cha igizo lile waliiona trela kama mzaha uliogeuka kweli. Katika hali hiyo hakuna tabasamu la mwigizaji ambalo lingepokelewa jinsi lilivyo. Mtazamaji haanzi kutazama macho yakiwa matupu. Huingia na alichokiona jana, na hicho ndicho kipimo chake.

Kulikuwa na kipimo kingine pia. Miaka miwili nyuma sinema zilikuwa zimemwonyesha Superman, binamu yake Kara, katika rangi za kijivu na huzuni nzito, na mwelekeo huo uliendelea mwaka 2016 alipopambanishwa na Batman. Kwa shabiki aliyezoea hayo, uzito ndio uliokuwa dalili ya kwamba kazi imefanywa kwa akili. Sketi nyekundu, jua la California na binti anayetabasamu vilionekana kwake kama kurudi nyuma.

Novemba 20, 2015, wiki chache tu baada ya Supergirl kuanza, Netflix ilitoa Jessica Jones, tamthilia ya mwanamke mwenye nguvu za ajabu anayefanya kazi ya upelelezi wa kujitegemea, anayekunywa sana, na anayeishi na majeraha aliyoachiwa na mwanamume aliyewahi kuitawala akili yake. Ni kazi nzito na nzuri. Lakini ilichofanyiwa Supergirl baada ya hapo hakikuwa haki. Wanawake hao wawili walisimamishwa pamoja kama wagombea wa kiti kimoja, mmoja akaitwa wa watu wazima na mwingine wa watoto. Mashujaa wanaume walikuwa wengi kiasi kwamba kila mmoja angeweza kuwa na tabia yake: huyu mkimya, yule mlevi, mwingine mcheshi. Wanawake walihesabika kwa vidole, kwa hiyo kila mmoja alitakiwa awawakilishe wote, na chochote alichokosa kikahesabiwa kuwa ni kosa lake.

Flash alipocheka

Ukitaka kujua kama tatizo lilikuwa uchangamfu wenyewe, kuna mfano ulio karibu sana. Oktoba 2014 kituo cha CW kilianza kurusha The Flash, tamthilia ya shujaa mwenye mbio za ajabu, chini ya watayarishaji wale wale, Greg Berlanti na Andrew Kreisberg, ambao mwaka uliofuata walishirikiana na Ali Adler kuunda Supergirl. Barry Allen wa The Flash ni kijana mwenye haya, anayechelewa kazini, anayeshindwa kumweleza rafiki yake kwamba anampenda, na akikimbia hufurahi waziwazi. Wahakiki wengi walimsifu kwa hayo hayo. Walisema televisheni imepata pumzi baada ya Arrow, tamthilia ya giza na kisasi iliyomtangulia.

Sasa waweke Barry na Kara pamoja. Wote wanababaika kwenye mapenzi. Wote wanachelewa. Wote wanatabasamu wakifanikiwa. Hata waigizaji wao, Grant Gustin na Melissa Benoist, walipitia tamthilia moja ya muziki, Glee. Machi 28, 2016 wahusika hawa walikutana katika sehemu moja ya Supergirl, na ilipendwa sana, maana furaha yao ilionekana imetoka chungu kimoja. Ila kwa mmoja, kubabaika kuliitwa utu. Kwa mwingine kuliitwa udhaifu.

Sisemi kila aliyemkosoa Kara alikuwa na chuki na wanawake. Kuna lawama zilizokuwa za haki, na nitazifikia. Ninachosema ni kwamba kicheko cha mwanamke hakisomwi kama kicheko cha mwanamume, na wasomaji wa Kiswahili hatuhitaji kwenda Marekani kulijua hilo. Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambako kijana anayecheka aliitwa mchangamfu, na dada yake akicheka vile vile aliambiwa aache kuchekacheka. Kitenzi kile kinapojirudia hubeba lawama nzima: hajatulia, hana msimamo, atadanganywa. Mimi nimeambiwa hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili, mbele ya wageni, na nalikumbuka joto la aibu ile mpaka leo. Kwa hiyo nilipomwona Kara akishindwa kuficha furaha yake baada ya kuiokoa ndege, sikuona utoto. Nilimwona mtu ambaye hajaambiwa afunge mdomo.

Neno "girl"

Lawama iliyokuwa na mashiko zaidi ilihusu jina. Kwa nini aitwe msichana, wakati binamu yake anaitwa mwanamume? Kihistoria jibu ni fupi: mhusika huyu aliingia kwenye vibonzo Mei 1959, toleo la 252 la Action Comics, kwa kalamu ya Otto Binder na michoro ya Al Plastino, na wakati huo alikuwa kijana wa umri wa shule. Jina lilikuwa limeshakaa miaka 56 kabla ya tamthilia.

Waandishi walijua swali hilo linakuja, wakaliweka ndani ya sehemu ya kwanza. Cat Grant, mwenye kampuni ya habari, aliyeigizwa na Calista Flockhart, ndiye anayempa shujaa mpya jina hilo. Kara, ambaye ni msaidizi wake na siri yake haijajulikana, anapinga: mwanamke mzima haitwi msichana. Cat anamjibu kwamba yeye mwenyewe ni msichana, na ni bosi, na ana nguvu na mali, na kama Kara analiona neno hilo kuwa dogo basi kasoro iko kwa Kara.

Majibu hayo yaligawanya watu tena. Wengine walishangilia. Wengine waliona waandishi wamejipa udhuru kwa mdomo wa mwanamke. Kiswahili kinasaidia kuona kwa nini pande zote mbili zilikuwa na hoja. Sisi tuna msichana, tuna binti, tuna mwanamke, na kila neno lina kazi yake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, jina la "binti" halikumfanya mtoto mbele ya mtu yeyote. Lilitaja baba yake, na katika pwani yetu lilikuwa na heshima yake. Neno la Kiingereza linalobishaniwa hapa lina historia nyingine. Kwa miongo mingi lilitumika maofisini kumwita mama mtu mzima, karani au katibu, kana kwamba hajakua. Aliyelisikia neno hilo likitumiwa hivyo kazini hawezi kulipenda kwa sababu tu Cat Grant amesema alipende. Na binti aliyezaliwa baadaye, akalijua kama neno la marafiki zake, hawezi kuelewa kelele zinatoka wapi. Umri wa mtazamaji uliamua mengi kuliko siasa zake.

Hapa niseme pia kosa la tamthilia. Msimu wa kwanza ulikuwa na tabia ya kueleza kila kitu kwa sauti. Katika sehemu hiyo hiyo ya kwanza adui anatamka kwamba kwenye sayari yake wanawake huwainamia wanaume, ili Kara apate nafasi ya kumjibu. Mhudumu wa mgahawa anasema ni vizuri binti yake apate mtu wa kumwiga. Mtazamaji anaweza kukubaliana na kila neno na bado akachoka kushikwa mkono hivyo. Waliolalamika juu ya uandishi huo walikuwa wakizungumzia ufundi, na si haki kuwatia kapu moja na waliokuja kumtukana mwigizaji.

Hasira isiyoruhusiwa

Sehemu inayonifanya niitetee tamthilia hii ni ya sita ya msimu wa kwanza. Kara anashindwa kuzuia hasira zake mbele ya watu, barabarani, na mji unaanza kumwogopa. Cat anampeleka akanywe naye kinywaji, na kumsimulia jinsi mhariri wake wa zamani, Perry White, alivyowahi kutupa kiti dirishani kwa sababu mtu alichelewesha kazi, bila hata kufungua dirisha kwanza. Mwanamke, anasema, akitupa hata kitambaa cha kujifutia mikono, kazi yake imekwisha.

Hapo uchangamfu wa Kara unapata maana nyingine. Tangu utotoni alijua kwamba nguvu zake zinaweza kumuua mtu. Alikuja duniani akiwa na miaka 13, sayari yake imeteketea, wazazi wamekufa, na binamu mchanga ambaye Kara alitumwa kumlea alikuwa tayari mtu mzima na shujaa, kwa kuwa chombo cha Kara kilikwama njiani miaka 24. Mtu wa namna hiyo anayetabasamu ameamua kutabasamu. Baadaye katika msimu huo huo, madini mekundu ya Kryptonite yanamwondolea kizuizi, na yote aliyoyameza yanatoka: dharau, wivu, ukatili. Anamsukuma Cat kutoka kwenye roshani, kisha anamdaka. Watazamaji waliodhani bashasha yake ni kitu cha juu juu walionyeshwa kilichokuwa chini yake. Sikumbuki mjadala mwingi ukirudi kurekebisha hukumu ya mwanzo. Wengi walikuwa wameshaondoka baada ya trela.

Hesabu zinazopotosha

Ndipo tunafika kwenye namba, ambako vurugu ni kubwa zaidi. Sehemu ya kwanza, Oktoba 26, 2015, ilitazamwa na watu karibu milioni 13. Ya mwisho wa msimu, Aprili 2016, ilikuwa na kama milioni 6. Waliotaka kuthibitisha kwamba watu wamemkataa shujaa mchangamfu walizishika namba hizi.

Lakini usiku ule wa kwanza Supergirl ilifuata mara tu baada ya The Big Bang Theory, kipindi chenye watazamaji wengi sana, na wengi walibaki hapo hapo. Tena karibu kila tamthilia mpya hushuka baada ya wiki ya kwanza. Na hesabu ya usiku mmoja haiwajumuishi waliorekodi wakaangalia siku iliyofuata, jambo ambalo vijana hulifanya kuliko wazee wao. Msimu wa pili ulipohamia CW, Oktoba 2016, ukaanza na watu takriban milioni 3, na ukapokelewa kama ushindi. Idadi ilikuwa nusu ya ile iliyoitwa kushindwa miezi sita nyuma. CBS ni kituo kikubwa kinachouza matangazo kwa mamilioni ya watazamaji wenye umri mkubwa. CW kilikuwa kidogo na cha vijana. Tamthilia ilikuwa ile ile. Ikaendelea hadi Novemba 2021, misimu sita, sehemu 126.

Alama za mtandaoni nazo zina mtego wake. Asilimia inayotokana na wahakiki kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni juu ya filamu na tamthilia, haisemi kazi ni nzuri kiasi gani; inasema ni wangapi kati yao wameipa hukumu ya kuridhika. Kwenye IMDb, tovuti nyingine ya filamu, mtu mwenye akaunti anaweza kutoa alama kati ya 1 na 10, na inapofika kwa mashujaa wanawake alama hukusanyika kwenye ncha mbili: lundo la 1 na lundo la 10. Wastani wa malundo hayo ni namba ambayo karibu hakuna mtu aliyeitoa. Ukiambiwa tamthilia imepata 5, usidhani watu wameiona ya wastani. Wamegombana. Februari 2019 Rotten Tomatoes iliacha kupokea maoni ya watazamaji kabla filamu haijatoka, wakati ambapo Captain Marvel, filamu ya shujaa mwanamke, ilikuwa ikishambuliwa na watu ambao hawangeweza kuwa wameiona.

She-Hulk aliyewajibu kabla hawajasema

Agosti 2022 ikaja She-Hulk: Attorney at Law kwenye Disney+, sehemu tisa, Tatiana Maslany akiwa Jennifer Walters, wakili anayegeuka mkubwa na wa kijani. Hii ilikuwa komedi kabisa, na Jennifer huzungumza na mtazamaji moja kwa moja, kama alivyokuwa akifanya kwenye vibonzo vya John Byrne tangu 1989. Katika sehemu ya kwanza anamwambia binamu yake Bruce, ambaye ndiye Hulk, kwamba yeye anaimudu hasira vizuri zaidi, kwa kuwa hufanya mazoezi kila siku: wanaume wanampigia miluzi barabarani, wasiojua kazi yake wanamfundisha kazi yake. Ni hoja ya kiti cha Perry White, imerudi kwa sura ya mzaha.

Waandishi, wakiongozwa na Jessica Gao, waliweka ndani ya hadithi maoni ya watu mtandaoni wakilalamika kwamba kila shujaa siku hizi anafanywa mwanamke. Yaliandikwa na kurekodiwa kabla mtazamaji hata mmoja hajaiona. Tamthilia ilipotoka, malalamiko ya kweli yalifanana nayo mno. Wengine waliona ni ujasiri. Mimi naona kulikuwa na hasara pia, maana tamthilia ikishamweka kila mkosoaji kwenye kundi la watukanaji, yule aliyesumbuliwa tu na picha za kompyuta zisizokamilika, na zilikuwapo, anajikuta amefungiwa mlango.

Kilichonifundisha zaidi ni Daredevil. Mwanasheria huyu kipofu alianza mwaka 2015 kwenye Netflix akiwa na damu, toba na usiku. Kwenye She-Hulk anacheka, anachezea maneno, na baada ya kulala nyumbani kwa Jennifer anaondoka asubuhi bila viatu, ameshika buti zake mkononi. Baadhi ya mashabiki wake waliudhika, wakasema amevunjiwa heshima. Wengine walisema hawajawahi kumpenda kiasi hicho. Hapo ukaonekana upande mwingine wa jambo: kuna watazamaji ambao wanalinda uzito hata kwa mwanamume, kwa sababu kwao uzito ndio uliowapa ruhusa ya kuvipenda vibonzo wakiwa watu wazima. Shujaa akicheka, wanahisi wamechekwa wao. Nikilielewa hilo, hasira yangu kwao inapungua.

Kwetu, mashujaa wasichana wenye uchangamfu wamekuja kupitia katuni. Super Sema, iliyoanza Machi 2021 kwenye YouTube, ina binti mwenye jina la Kiswahili na pacha wake, na Lupita Nyong'o ni mmoja wa watayarishaji wakuu. Mwaka 2023 Netflix ikatoa Supa Team 4 ya Mzambia Malenga Mulendema, yenye wasichana wanne wa Lusaka. Mpwa wangu wa miaka tisa anazijua zote mbili na hajawahi kuuliza kwa nini hao wanacheka. Swali hilo huanza mhusika akifikia umri wa kulipa kodi ya nyumba.

Kara alifikia umri huo na kuupita mbele ya kamera. Katika sehemu ya mwisho, Novemba 9, 2021, Cat Grant anarudi na kumpa kazi ya kuwa mhariri mkuu, na Kara anakubali kukaa naye kwa mahojiano, ambamo anaueleza ulimwengu kwamba yeye ndiye aliyekuwa akipaa miaka yote ile. Hahitaji tena miwani. Anayemhoji ni yule aliyempa jina lililozua ubishi wote, na jina hilo halikuwa limebadilishwa hata herufi moja.